Kabla Hujacheka Kiingereza cha Kuombea Maji

Wasee wangu, leo tunaenda Burma. Naongea kuhusu soko letu pale Jogoo Road, upande wa Shauri Moyo, ambapo ukitoka City Stadium unafika kwa miguu. Mtu wa Eastlands akiwa na sherehe, huko ndiko anakotuma watu wa kununua nyama. Mimi leo nimeenda pale kutafuta Kiingereza.

Kuna tabia yetu moja inanikera. Mtu anaweka video, anajaribu Kiingereza, ulimi unateleza kidogo, na komenti zinajaa: "Kiingereza cha kuombea maji!" Tunacheka, tunaita marafiki waje wacheke, tunasonga. Yule mtu anafuta video. Wiki ijayo ana intavyuu ya kazi na anaingia akiwa ameshaamua kujibu kwa maneno mawili mawili ili asichekwe tena. Kazi inaenda kwa mwingine.

Huo msemo una historia, na wengi wetu tunautumia bila kuijua. Kwa miaka mingi Kiingereza nchini humu kiligawiwa kwa kipimo, kama nyama kwa mizani. Mtu wa kawaida alipimiwa kidogo, cha kumwezesha kufanya kazi na kunyamaza. Kilichobaki alijitafutia mwenyewe. Hebu tuanze na jina la soko.

Burma ni nchi ya Asia ambayo tangu 1989 inaitwa rasmi Myanmar. Nchi ilibadilisha jina, soko letu halikubadilisha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliwapeleka huko vijana wa Afrika Mashariki kupigana na Wajapani. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw kwenye mvua, matope na malaria, na Desemba mwaka huo ikafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Walipigana mbali sana na nyumbani, na jina la vita vyao likabaki Nairobi, kwenye soko.

Sasa sikiza hii. Katika jeshi la King's African Rifles, amri zilitolewa kwa Kiswahili. Maafisa walikuwa Wazungu, na ilibidi wao ndio wajifunze Kiswahili cha jeshi. Inaonekana kama heshima kwa lugha yetu, si ndio? Angalia vizuri. Askari anayepokea amri kwa Kiswahili hasomi barua ya afisa, hasikii wakubwa wanapanga nini, na hawezi kuulizia mshahara wake kwa lugha ambayo mshahara umeandikiwa. Kiingereza kilikuwa chumba kilichofungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa wachache.

Nje ya jeshi mambo yalikuwa hayo hayo. Masetla wengi walimwona Mwafrika anayewajibu kwa Kiingereza kuwa mjeuri. Walipendelea kumwamuru kwa Kiswahili chao kilichovunjikavunjika, kile kilichokuja kuitwa Kisetla. Mwaka 1936 kilitoka hata kitabu cha mazoezi, Up-Country Swahili cha F. H. Le Breton, kilichoandikwa kwa ajili ya askari, masetla, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Fikiria hiyo picha. Mzungu alifundishwa Kiswahili cha kumtosha kuendesha kazi zake, sarufi ikiwa imepunguzwa makali, na hakuna aliyemcheka kwamba anaongea Kiswahili cha kuombea maji. Kicheko huwa kinateremka. Hakipandi.

Lakini watu wetu hawakukaa kungoja. Katikati ya Kenya, kuanzia miaka ya 1930, wazazi walianzisha shule zao huru wakiwa wamechoshwa na utaratibu wa misheni, na moja ya mambo waliyodai ni watoto wafundishwe Kiingereza mapema. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ya kikoloni ikazifunga shule hizo. Kwa nini serikali iogope somo la Kiingereza? Kwa sababu mtu akijua lugha ya sheria, anaanza kuuliza sheria inasema nini.

Vita navyo vilifungua macho. Waruhiu Itote alikuwa mmoja wa waliokwenda Burma. Baadaye tulimjua kama Jenerali China wa Mau Mau. Katika kitabu chake cha 1967, "Mau Mau" General, anaeleza jinsi mazungumzo na watu wa mataifa mengine huko vitani yalivyombadilisha mawazo. Hakwenda kule kusomea siasa. Aliongea na watu, na mtu huwezi kuongea na mgeni bila lugha ya kukutana naye.

Waliorudi Nairobi walikuta mji umegawanywa kwa rangi, na Waafrika wamewekwa upande wetu huu wa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Muthurwa. Maktaba ya McMillan pale mjini ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu. Vitabu vya Kiingereza vilikuwa kwenye rafu, umbali wa matembezi tu kutoka mitaa yetu, na mtu wa Shauri Moyo hakuruhusiwa kuvigusa. Baraza la Jiji liliichukua 1962, na ndipo ikawa ya kila mtu. Leo maktaba hiyo ina matawi mawili Eastlands, Kaloleni na Makadara, na miaka ya karibuni Book Bunk wameyakarabati. Kaloleni ni jirani kabisa na Burma. Unaweza kununua nyama halafu uingie maktaba, ila usiingie na hiyo nyama.

Mtu atasema, si uhuru ulikuja? Ulikuja, ndio. Lakini katiba ya 1963 ilidai mgombea ubunge ajue kuongea na kusoma Kiingereza vya kutosha kushiriki kazi za bunge, na bungeni kiliongewa hicho tu. Muuza nyama wa Burma angeweza kupiga kura, lakini kama hakuwa na Kiingereza, kusimama mwenyewe hangeweza. Ilikuwa Julai 1974 ndipo Mzee Jomo Kenyatta alipoagiza wabunge waongee Kiswahili, na hata baada ya hapo miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Kwenye karatasi ziko sawa. Sasa fungua masharti ya mkopo wa simu, au ile karatasi ya nyumba ya kupanga, uniambie umeyaona kwa lugha gani.

Shuleni tuliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 1957 Nairobi ilianza jaribio la kufundisha kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, kwanza kwa watoto wa Kihindi, halafu likaenea kwa shule za Waafrika. Tume ya Ominde ya 1964 ikapendekeza njia hiyo kwa nchi nzima. Wakoloni walikuwa wamekificha Kiingereza, sisi tukaanza kukilazimisha. Wengi wenu mnaijua ile disk, kile kibao au kimfupa cha kuning'inizwa shingoni ukinaswa ukiongea lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu adhabu za aina hiyo katika Decolonising the Mind, 1986. Mtoto aliyevaa disk alijifunza jambo moja zuri sana: kunyamaza. Na zile komenti zetu ni disk ileile, tumeihamishia kwenye simu.

Sasa turudi buchani, kuna siri ya Kiingereza imening'inia pale kwenye ndoano. Kwa Kiswahili ng'ombe akiwa hai ni ng'ombe, na akichinjwa ni nyama ya ng'ombe. Kwa Kiingereza, mnyama akiwa malishoni ni "cow", akifika kwenye sahani anakuwa "beef". Nguruwe ni "pig", nyama yake "pork". Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Kwani kulitokea nini? Mwaka 1066 Uingereza ilivamiwa na kutekwa na watu wa Normandy, ambao waliongea Kifaransa. Kwa karibu miaka 300 Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kiingereza kikabaki kwa wachungaji na wapishi. Waliolisha mnyama walimwita kwa Kiingereza, na waliokaa mezani wakaita nyama kwa Kifaransa. Ilikuwa 1362 ndipo sheria ilipotoka kwamba kesi zisemwe mahakamani kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa Kifaransa kilichotumika kuwahukumu.

Kumbe hata Kiingereza kiliwahi kuwa lugha ya watu wa chini! Hao wachungaji wa ng'ombe ndio walioibeba hiyo lugha hadi ikawa unayoiogopa leo. Maneno ya Kifaransa waliyachukua wakayafanya yao, bila kuomba msamaha.

Na sisi tunafanya hivyo kila siku. Sheng imekulia Eastlands. Mtu wa Bahati akisema "amenicall" amechukua kitenzi cha Kiingereza akakivisha sarufi ya Kiswahili: nafsi, wakati, na mtendewa, vyote mahali pake, bila kufikiria. Huyo ana sarufi kichwani. Anachokosa ni ramani ya kutoka sarufi moja kwenda nyingine, na ramani hiyo inachorwa kwa mada unayoishi nayo.

Chukua nyama. Unajua "liver" ni maini na "ribs" ni mbavu. Ongeza "tripe", yaani matumbo. Ongeza "lean", nyama isiyo na mafuta. Halafu mizani: "scale". Kupima uzito ni "to weigh", uzito wenyewe ni "weight". Hapo umepata kitenzi na nomino kwa mpigo mmoja. Pale Burma unasema, "Boss wangu, nipimie ya mia tano." Ukitafsiri neno kwa neno utapata "meat of five hundred". Mwingereza husema "five hundred shillings' worth of meat". Hilo neno "worth" likikukaa, litakufuata hadi kwenye mafuta ya pikipiki na mboga.

Kisha angalia nyakati, kwa sababu Kiswahili kimeshakufanyia nusu ya kazi. "Nilinunua" ni "I bought". "Nimenunua" ni "I have bought". "Nitanunua" ni "I will buy". Kuwa macho na moja: mtaani tunasema "nimenunua jana" na hakuna anayeshtuka, lakini kwa Kiingereza ukitaja jana, "have" inaondoka. "I bought it yesterday." Kingine ni ile "a" yetu ya "amekuja", ambayo haijali mwanamke wala mwanamume. Ndiyo maana wengi wetu tunachanganya "he" na "she". Huo si ujinga bana, ni lugha yako ya kwanza inafanya kazi yake. Taja jina kwanza, kisha chagua neno.

Na ile salamu yetu, "Umepotea sana!" Ukisema "You are lost", mgeni atatoa simu akuonyeshe ramani. Sema "I haven't seen you in a while." Chai ikiisha usiseme "Add me tea", sema "Can I have some more tea?"

Kwa hivyo fanya hivi. Wiki moja, mada moja. Maneno 10 ya mada hiyo, kila moja liwe ndani ya sentensi tatu: ya jana, ya leo, ya kesho. Ziseme kwa sauti na mtu mmoja mnayeaminiana. Wiki ya kwanza iwe soko. Ya pili iwe nyumba ya kupanga: "rent", "deposit", "tenant", "notice". Ya tatu iwe mkopo: "interest", "due date", "penalty". Uone nimeweka nini hapo. Hayo ndiyo maneno yanayoweza kukutoa kwenye nyumba au kukumalizia mshahara ukiwa umebonyeza "I agree" bila kuelewa.

Mimi simwambii mtu aache Kiswahili wala Sheng. Ninachokataa ni sisi kuendeleza kazi ya walinda mlango wa zamani bila malipo. Kiingereza cha kuombea maji ni Kiingereza cha mtu ambaye ameanza. Leo ameomba maji, na akipata mtu wa kuongea naye bila kumcheka, kesho atauliza bili ya maji imepanda kwa nini.

Haya, nipeni komenti. Mada yako ya wiki ya kwanza ni gani? Andika kwa Kiingereza hata kama kinachechemea. Atakayecheka mtu hapa chini namtoa mimi mwenyewe.