Miwani Isiyouzwa, Msimbo Uliosalia: Funzo la Sega VR kwa Uhifadhi wa Programu Jinja na Mbale

Historia ya teknolojia huandikwa zaidi kwa kufuata bidhaa zilizofika sokoni. Makala hii inafuata moja isiyofika, ili kujibu swali linalozihusu pia taasisi za Jinja na Mbale: programu ya kompyuta inapoachwa na waliyoiunda, nani huitunza?

Sega VR ilikuwa miwani ya uhalisia pepe iliyokusudiwa konsoli ya michezo ya Genesis, ijulikanayo kwingineko kama Mega Drive. Kampuni ya Sega iliionyesha hadharani mwaka 1993, ikatarajia kuiuza kwa takriban dola 200. Skrini mbili ndogo zilikaa mbele ya macho, na vihisi vilifuata mwendo wa kichwa. Baadhi ya walioijaribu walipatwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Mradi ulifutwa, na Sega ikaeleza kuwa picha zilikuwa halisi mno hata mtumiaji angeweza kujiumiza. Mwanahistoria hana budi kuyasoma maelezo hayo kwa tahadhari, kwa kuwa yanageuza udhaifu wa kifaa kuwa sifa yake.

Ushahidi wa kupima dai hilo ulipatikana mwaka 2020. Kenneth Hurley, mmoja wa watengenezaji wa mchezo wa Nuclear Rush, alikuwa bado na diski yenye msimbo chanzo wa Agosti 1994. Rich Whitehouse wa Video Game History Foundation aliukarabati msimbo huo, akaunda programu ya kuiga miwani iliyopotea, na mchezo ukachezeka kwa miwani ya kisasa. Kilichookoa historia hii ni diski iliyobaki mikononi mwa mtu binafsi.

Bahati haiwezi kuwa sera. Uganda ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta. Hata hivyo, kulinda haki ya mwenye kazi si sawa na kuitunza kazi yenyewe. Majalada ya utawala wa kikoloni wa Busoga yaliyohifadhiwa Jinja husomeka kwa macho matupu. Diski haisomeki bila mashine yake.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba vyuo vya ukanda huu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa Mbale mwaka 1988, vidai kila mradi wa programu uwasilishe msimbo chanzo, maelezo ya mashine iliyotumika na idhini ya kuhifadhi, hata kama mradi haukukamilika. Nakala moja ikae Mbale, nyingine Jinja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa programu, msimbo ndio daftari.