Siri za biashara katika ugavi wa kidijiti (Kigoma)

Siri za biashara ni maarifa ya ushindani, kama vile bei, wateja, vyanzo vya mali na mbinu za uzalishaji, ambayo kampuni haitaki yavuje inapolazimika kuwapa wengine data.

Mkoani Kigoma suala hili linagusa zaidi kahawa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji wa misitu inataka kahawa inayoingia huko iambatane na viwianishi vya shamba ilikotoka: nukta moja yatosha kwa shamba dogo, lakini lililozidi hekta 4 huchorwa mipaka yote. Mwenye orodha ya viwianishi hivyo anajua kahawa nzuri hutoka kilima gani na kwa nani. Ikimfikia mshindani, chama cha ushirika kilichotumia miaka kuwajua wakulima wake kimepoteza mtaji.

Kwenye mialo ya wavuvi ya Katonga na Kibirizi, mkoani humo humo, siri bado ni ya mdomo. Giza la mwezi likiingia, wavuvi wa dagaa hutoka na taa, na mchuuzi hamtajii jirani mnunuzi wake wa ng'ambo ya ziwa. Akianza kuandika mauzo kwenye programu ya simu, mwenye programu naye anayajua.

Kinga ni kutoa data inayohitajika tu, kuweka namba badala ya majina, na kutaja katika mkataba matumizi yanayoruhusiwa. Kinga hii ya mwisho hupuuzwa mno, ilhali sheria pekee haitoshi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humlinda mkulima kama mtu. Haikutungwa kulinda orodha ya bei ya kampuni.