Urithi wa Tanga Unavyoonekana kutoka Kishapu



Urithi wa Wajerumani katika nchi yetu kwa kawaida hutafutwa katika mawe. Tanga, ambayo wakati wao ilikuwa mji mdogo karibu na mpaka wa himaya ya Waingereza, ina mawe hayo: boma, majengo ya kale ya hospitali ya Bombo, na reli iliyoanza kujengwa mwaka 1893 hadi kufika Moshi mwaka 1911. Hoja yangu ni kwamba urithi mkubwa zaidi uliondoka Tanga ukafika hata Kishapu, bila kubeba jiwe hata moja.

Mapatano ya mwaka 1890 yaliiacha Tanga kwa Wajerumani na Unguja kwa Waingereza. Mpaka huo ungali unasomeka katika msamiati. Mtoto wa Unguja huenda skuli, neno lenye asili ya Kiingereza. Wa Kishapu huenda shule, neno la Kijerumani. Na shule ya kwanza ya serikali hiyo ilifunguliwa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Vivyo hivyo, mkulima wa pamba wa Kishapu anapodai hela zake, huitaja, pasipo kujua, sarafu ya heller iliyoanzishwa mwaka 1904, ambayo wazee wake waliihitaji ili kulipa kodi ya mkoloni.

Je, tuseme basi kwamba Wajerumani ndio walioleta Kiswahili bara? La hasha. Wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walikwisha kujifunza lugha hiyo katika njia za misafara kabla bendera ya Kijerumani haijapandishwa. Serikali iliikuta lugha ikitembea, ikaitumia kwa kuwa ilihitaji makarani na walimu wa kuhamishwa wilaya hadi wilaya. Gazeti la Kiongozi, lililoanza kuchapishwa Tanga mwaka 1904, lilikuwa chombo cha serikali. Hata hivyo kurasa zake zilijazwa kwa sehemu kubwa na kalamu za Waafrika hao, nao wakaizoesha lugha kuandikwa kwa nathari ya habari.

Kwa hiyo, tunapoorodhesha majengo ya kuhifadhiwa, tusiwasahau waliofanya kazi hiyo. Jengo hubaki na jina la aliyeamuru lijengwe. Neno huwa la anayelitumia, na shule na hela zimekwisha kuwa zetu. Wanafunzi wangu, anzeni kuyakusanya vinywani mwa wazee wa Usukuma kabla hawajanyamaza.