Joka la Kariakoo: roboti linalogeuka lilivyofika Mtaa wa Kongo

Wiki ya mwisho kabla ya Idd au Krismasi, Mtaa wa Kongo haupitiki. Watu bega kwa bega, spika zinatangaza bei, wabeba mizigo wanapiga kelele za "pisha, pisha". Katikati ya vurugu hizo, kwenye meza iliyojaa bastola za plastiki na miwani ya watoto, kuna boksi lenye dirisha la nailoni. Ndani limefungwa roboti lenye mabawa, na picha ya pembeni inaonyesha kwamba likikunjwa linageuka joka.

Dogo anaganda. Mama anamvuta mkono. Muuzaji, ambaye kazi yake anaijua, haongei na mama hata kidogo. Anaongea na dogo.

"Hili linageuka dragoni, bosi wangu. Muombe mama."

Mama anauliza swali ambalo Kariakoo kila mtu analiuliza, iwe ni simu, kiatu au pafyumu: "Orijino lakini?"

"Mama yangu, hii gredi wani."

Jibu hilo si ndiyo wala si hapana. Lakini ukifuatilia historia ya mdoli wenyewe, huyo muuzaji yuko karibu na ukweli kuliko anavyojua. Roboti linalogeuka halijawahi kuwa na uorijino ulionyooka, tangu siku ya kwanza.

Wengi wanaamini haya maroboti ni ya Kimarekani kwa sababu ya filamu. Sio kweli. Yalizaliwa Japan, kwenye kampuni ya Takara. Mwaka 1980 Takara walikuwa na midoli iliyoitwa Diaclone: magari na mashine zinazogeuka roboti, na ndani anakaa kijidereva kidogo cha plastiki anayeendesha. Mwaka 1983 wakaja na mstari mwingine, Micro Change, ambao wenyewe uligeuza vitu vya kawaida vya nyumbani: bastola, kamera, kinasa kaseti. Hizi zilikuwa familia mbili tofauti kabisa, hazina stori moja.

Hasbro wa Marekani wakaziona, wakanunua haki, wakaziunganisha. Wale madereva wakaondolewa. Maroboti yakapewa uhai, sayari ya nyumbani, vita na majina, kazi iliyofanywa na waandishi wa katuni wa Marvel. Mwaka 1984 yakaingia madukani kwa jina la Transformers. Lori la Diaclone likawa Optimus Prime. Bastola ya Micro Change ikawa Megatron. Yaani kiongozi wa wema na kiongozi wa ubaya, wanaopigana mpaka leo, hawakutoka hata boksi moja.

Kwa lugha ya Kariakoo, Hasbro walichukua mzigo wa watu wakabadilisha boksi na kuongezea stori. Tofauti ni kwamba wao walilipa. Na hawakuwa peke yao: Tonka nao walichukua maroboti ya Bandai ya Japan, wakayauza Marekani kwa jina la GoBots.

Sasa mwaka huohuo wa 1984, Dar ilikuwa dunia nyingine. Mwaka mmoja nyuma ulikuwa umepita msako wa wahujumu uchumi, na wapo waliotupa bidhaa zao usiku kwa kuogopa kukamatwa nazo. Sabuni ilikuwa ya foleni. Sukari ilikuwa ya foleni. Nani angeagiza roboti? Lakini bajeti ya Juni 1984 ilifungua mlango ambao watu hawaukumbuki sana: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, bila kubanwa sana alikozitoa. Mwishoni mwa 1985 akaingia Mwinyi, na mtaa ukampa jina la Mzee Ruksa. Kwa hiyo roboti linalogeuka na mlango ambao baadaye lingepitia kuingia Kariakoo ni rika moja. Yote ni ya 1984. Ilichukua muda tu kukutana.

Madogo wa Dar wa wakati ule hawakukaa mikono mitupu. Walikuwa na gari la waya, na hilo gari likitazamwa kwa haki, si mchezo. Bodi ya waya uliokunjwa, matairi ya ndala zilizokatwa kwa wembe, ekseli ya spoku ya baiskeli, na usukani mrefu wa kuendeshea umesimama. Ukikata kona, matairi ya mbele yanakata kona kweli. Kijana wa miaka kumi alilazimika kujua jinsi ya kufanya kitu kizunguke bila kuchomoka na bila kukatika. Mhandisi wa Takara alikuwa anaumiza kichwa kwa shida hiyohiyo, ila yeye alikuwa na kiwanda.

Kariakoo yenyewe ni jina lililogeuka. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikaza hapo kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo ya watu ikalikunja jina mpaka likawa Kariakoo. Jengo maarufu la soko, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, na Julai 2021 likaungua. Lakini midoli haikuwahi kuwa biashara ya ndani ya jengo hilo. Ndani ni nyanya, nafaka, mbegu. Midoli ni ya mitaa inayolizunguka: fremu, meza, turubai chini.

Miaka ya 90 wafanyabiashara walipanda ndege kwenda Dubai, miaka ya 2000 safari ikarefuka hadi Guangzhou na Yiwu. Hapo ndipo mzigo ulipobadilika. China kuna wilaya inaitwa Chenghai, katika mji wa Shantou, ambayo kazi yake kubwa ni midoli: viwanda vidogo na vikubwa, vyenye leseni na visivyo na leseni, mtaa hadi mtaa. Mengi ya maroboti yanayopangwa Kariakoo ukoo wake ni huko. Na kutoka Kariakoo yanaendelea na safari, kwenye mabasi ya Mbeya na malori ya Lubumbashi.

Kilichobaki kilikuwa dogo kulijua roboti. Televisheni Bara ilianza mwaka 1994 tu (Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi, na hawaachi kukumbusha). Lakini aliyeliingiza roboti kichwani mwa mtaa hasa ni filamu ya 2007, iliyofika kwenye vibanda umiza kama DVD ya kuchoma. Kwenye baadhi ya vibanda hivyo ilikuja na dijei anayetafsiri juu ya sauti, akiwapa maroboti maneno ya Manzese. Jina ndilo lilichekesha. Dar, transfoma ni ile ya kwenye nguzo ya TANESCO, ikilipuka mtaa mzima giza. Mpaka leo kuna bibi anayeamini mjukuu wake anaomba kifaa cha umeme.

Joka lilitokea wapi? Hapa pana utamu. Mwanzoni ilikuwa magari na ndege. Mwaka 1987 likatoka roboti linaloitwa Doublecross, joka la vichwa viwili linalotoa cheche. Mwaka 1996 ukaja mfululizo wa Beast Wars, maroboti ya wanyama, Megatron akiwa dinosa, na mwaka 1999 huyohuyo Megatron akawa joka jekundu. Kuanzia hapo rangi nyekundu na mabawa vikashikana. Miaka ya 2000 na 2001 akatoka Megatron mwingine mwenye maumbo sita, mojawapo joka la vichwa viwili. Mwaka 2013 Predaking. Mwaka 2017, kwenye filamu ya tano, Dragonstorm: joka la vichwa vitatu linaloundwa na mashujaa kumi na wawili walioungana.

Mengi ya majoka ya Mtaa wa Kongo si kopi ya moja kati ya hayo. Ni mchanganyiko. Kichwa kama cha huyu, mabawa kama ya yule, jina la boksi halipo popote. Mtu wa Chenghai amefanya kile Hasbro walifanya 1984, bila kulipa. Sheria iko wazi kuhusu hilo: Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu 1963, na Tume ya Ushindani huingia Kariakoo kukamata bidhaa bandia. Mwenye jina lake ana haki ya kulilinda. Ila kwa mama aliyesimama na dogo pale mezani, swali la nani anamiliki jina halimwambii kama mdoli utafika Jumapili ukiwa mzima.

Kinachomwambia ni maungio.

Joka ni gumu kutengeneza kuliko gari. Gari ni boksi. Unakunja mikono na miguu ndani, unafunika na bodi, imeisha. Joka lina shingo, mkia na mabawa, vitu vitatu virefu ambavyo roboti halivihitaji. Vinaenda wapi? Dinosa wa 1996 alijibu kwa ujanja: kichwa cha mnyama kikawa mkono wa roboti. Joka la bei chee linajibu kwa uvivu: kila kitu kinarundikwa mgongoni. Matokeo yake roboti linaanguka nyuma kila likisimamishwa, na dogo anaishia kuliegemeza ukutani. Mengine hata hayageuki. Ni roboti lililolala kifudifudi chini ya ganda la joka, na miguu inaonekana kabisa.

Ungio la kwanza kufa ni la bawa. Ndilo linalobeba uzito mbali na mwili, na ndilo dogo analoshika akitaka joka liruke. Likiwa limeshikwa na pini ya chuma inayopita upande hadi upande, linadumu. Likiwa kijimpira cha plastiki kwenye kikombe chembamba, kikombe kinapasuka, na baada ya hapo hakuna kukaza. Muuzaji akikubali kufungua boksi, ni kulizungusha bawa taratibu mara tano. Likitoa mlio wa kukatakata na kubaki pale lilipoachwa, zuri hilo. Likilegea mara ya tatu, limeshasema kila kitu. Asipokubali kufungua, ajulikane hivyo pia, maana bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" liko juu ya kichwa chake.

Na orijino sio kinga ya kila kitu. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalia mpaka leo na plastiki ya rangi ya dhahabu ambayo Takara na Hasbro waliitumia kwenye baadhi ya midoli ya mwishoni mwa miaka ya 80 na miaka ya 90. Inavunjika yenyewe kama biskuti, hata mdoli ambao haukuwahi kuchezewa. Upande wa pili, China kuna watengenezaji wasio na leseni ambao maroboti yao ni mazito na makali kiasi kwamba watu wazima wanayanunua kwa bei ya juu kuliko yenye leseni. Kuita kila kitu kisicho na jina "feki" kunamuumiza dogo tu, anayechekwa shuleni kwa joka ambalo pengine lina pini za chuma.

Lakini kuna jambo ambalo mzaha wote unaishia hapo. Majoka mengi ya siku hizi yana taa machoni na mlio, na taa hizo mara nyingi zinatumia betri ndogo za duara kama kitufe, zile za saa. Mtoto akimeza moja ikanasa kooni, inaanza kuunguza kwa ndani, na saa mbili zinatosha kutoboa. Mdoli mzuri una kifuniko cha betri kilichofungwa kwa skrubu. Mbaya una kifuniko cha kubonyeza, mtoto wa miaka miwili anakifungua. Hii haina gredi wani wala gredi tuu. Kama hakuna skrubu, joka libaki mezani, hata dogo alie mpaka Msimbazi. Na kama nyumbani kuna mdogo wake anayetambaa, bora lile lisilo na taa kabisa.

Mama wa Mtaa wa Kongo, kwa kawaida, analipa nusu ya bei aliyotajiwa mwanzo na kuondoka na boksi kichwani mwa mfuko. Idd pili, joka liko Mnazi Mmoja na maelfu ya watoto wengine, limeruka mara mia. Jioni bawa la kushoto linaning'inia. Supaglu inajaribiwa, inashika siku moja, inaachia. Kisha anakuja mjomba, mtu wa miaka hamsini hivi, anapasha msumari kwenye jiko la mkaa, anatoboa ganda na bawa kwa pamoja, na kupitisha kipande cha spoku ya baiskeli. Anakunja ncha zote mbili kwa koleo, kama alivyokuwa akifanya kwenye ekseli za gari lake la waya. Bawa linazunguka.