Taa iliyogawa kazi ya breki

Kabla ya taa ya ABS kufika Kakamega, breki ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Katika jua kali yetu mtu huyo alikuwa mzee wa upande wa Khayega, na hakuna aliyemwita kwa jina lake la nyumbani. Sote tulimwita Mzee Breki. Peugeot 504 za abiria wa Kisumu zilimjia alfajiri kabla hazijapakia. Alikuwa akikanyaga pedo, anatulia kidogo, anakanyaga tena, kisha anatoa hukumu: masta imekufa, au kuna upepo kwenye paipu, au breki shuu za nyuma zimelowa mafuta. Mimi nilikuwa kijana wa waya. Kazi yangu ilikuwa stata, betri na taa, na hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu breki.

Huko ng'ambo mambo yalikuwa yameshabadilika zamani. Ndege zilikuwa na mitambo ya kuzuia magurudumu yasijifunge tangu miaka ya 1950. Mwaka 1978 Mercedes-Benz ikaanza kuuza gari lake kubwa la S-Class likiwa na mtambo kama huo wa kielektroniki, yaani ABS, uliotengenezwa na Bosch, na mwaka 1982 Honda ikaiweka kwenye Prelude. Ilichukua miaka mingi zaidi kushuka hadi kwenye gari la mwalimu. Corolla za miaka ya 1990 nyingine zilikuwa nayo na nyingine hazikuwa nayo, hata zikiwa za umbo moja na rangi moja.

Kenya nayo ilifungua mlango wa magari ya mitumba mapema miaka ya 1990, na kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 kikaweka umri wa gari linaloingia usizidi miaka minane. Hesabu yake ni rahisi. Corolla ya 1997 iliweza kuja kwetu mwaka 2004 au 2005, kuukuu Japani na mpya Kakamega, kitabu chake kikiwa cha Kijapani ambacho hakuna aliyeweza kukisoma.

Taa ya manjano ya ABS ilipowaka kwenye magari hayo, wateja walimpelekea Mzee Breki, maana taa ni ya breki. Akakanyaga pedo, ikawa ngumu na nzuri. Akafungua magurudumu, breki padi zikawa nene. Akasema gari halina ugonjwa, akafungua dashibodi, akachomoa balbu. Tusimcheke. ABS ikiharibika, kompyuta yake hujizima na breki za kawaida hubaki zikifanya kazi. Tena kwenye murram iliyolegea, gurudumu lililojifunga hulimbikiza changarawe mbele yake na gari husimama mapema kuliko lenye ABS. Mtu wa kijiji cha ndani ya Shinyalu hakupoteza kitu alichokijua. Aliyepoteza ni yule aliyeshuka kutoka Kiboswa kuelekea Mamboleo lami ikiwa imelowa, lori la miwa likasimama ghafla mbele yake, akakanyaga breki kwa nguvu, na usukani ukakataa kumtii.

Kuchomoa balbu kulizaa ujanja mbaya zaidi. Mafundi wa waya, watu wa kazi yangu, walianza kuunga waya wa taa ya ABS kwenye taa ya oili, ili ziwake na kuzimika pamoja injini inaponguruma. Gari likauzwa Bungoma au Busia, mnunuzi akaona dashibodi safi. Huo ni wizi, nasema bila kuzunguka. Lakini hugunduliwa upesi: washa ufunguo bila kuwasha injini. Kwenye Toyota hizo taa nzima ya ABS huwaka sekunde tatu hivi na kuzimika yenyewe. Ikisubiri injini, umeuziwa uongo.

Kilichonivuta mimi kwenye breki ni fotokopi. Kuna aliyeileta kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, kurasa za kitabu cha karakana cha Toyota zilizofifia. Humo tuliona kwamba chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye matundu, na ukiunganisha tundu la Tc na la E1 kwa kipande cha waya, taa ya ABS inaanza kukonyeza. Konyezo tatu, kituo kifupi, konyezo moja: 31, sensa ya mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ikikonyeza mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ukimaliza kutengeneza, unakanyaga pedo mara nane au zaidi kwa sekunde chache ili kumbukumbu ifutike. Wanagenzi walikusanyika kuhesabu kwa sauti.

"Fundi, si utoe tu balbu kama wenzako?" mteja mmoja aliniambia.

"Mwalimu, taa inataja gurudumu. Hebu tulifungue kwanza."

Na hapo ndipo nilipomhitaji Mzee Breki. Namba inataja kona ya gari, haitaji kilichoharibika. Sensa ni sumaku yenye koili, imekaa karibu na pete ya chuma yenye meno inayozunguka na gurudumu. Sumaku hukusanya unga wa chuma. Pete hushika kutu na kupasuka. Waya hukatika ndani ya mpira wake pale unapojikunja usukani ukigeuzwa, na soketi huingia maji, jambo la kawaida katika mji unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mimi nilipima kwa mita: koili nzima ya sensa za aina hiyo husoma karibu omu 1,000, iliyokatika haisomi kitu. Yeye alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Mara nyingi mita yangu ilisema sensa ni nzima na mikono yake ikasema beringi imelegea. Beringi ikilegea pete huyumba, nafasi kati yake na sensa hubadilika, na kompyuta hudhani gurudumu linaruka. Malipo tuligawana nusu kwa nusu, ingawa alinung'unika kwamba nusu yangu haina grisi.

Siku hizi vijana waliotoka chuo cha ufundi cha Sigalagala huja na kifaa kinachozungumza na simu, na Probox ikifika wanasoma namba kabla dereva hajashuka. Vile vya bei rahisi vingi husoma injini tu, ABS haivisikii, kwa hiyo nauliza kwanza kifaa ni cha aina gani. Kinachonikera ni haraka ya kuuza sensa. Wanaona namba, wanaagiza sensa ya gari lililokatwa, wanaifunga, taa inarudi baada ya wiki. Nawaambia wapandishe gari jeki, wasafishe unga wa chuma, wafuate waya kwa vidole hadi kwenye soketi, watikise gurudumu, ndipo waombe pesa ya sensa. Na taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ya manjano, gari haliondoki hapo: angalia mafuta ya breki kwanza.