Wajibu wa Mnunuzi Aliyekwisha Kupokea Bidhaa Yenye Kasoro: Historia ya Kanuni Moja Mjini Bukavu

1. Utangulizi

Mtu anayenunua mfuko wa simenti katika soko la Kadutu, kisha akaufungua nyumbani na kukuta nusu yake imeganda kama jiwe, huuliza kwanza muuzaji ana wajibu gani kwake. Swali la pili huulizwa kwa nadra, ijapokuwa mara nyingi ndilo linaloamua shauri lenyewe: je, mnunuzi naye, baada ya kuupokea mfuko huo, ana wajibu gani? Makala haya yanafuatilia historia ya swali hilo la pili katika mji wa Bukavu. Hoja inayotetewa ni kwamba mnunuzi amewekewa wajibu huo na sheria tangu mwaka 1888, na kwamba anayepoteza haki yake huipoteza aghalabu kwa kutoujua wajibu huo, wala si kwa sababu sheria imemnyima haki.

2. Sheria iliyoutangulia mji

Kanuni za mauzo zinazotumika Kongo zina umri mkubwa kuliko mji wa Bukavu. Mwaka 1886, Dola Huru la Kongo liliamuru kwamba pasipo na sheria iliyoandikwa, hakimu afuate desturi za mahali, kanuni za jumla za sheria, na uadilifu. Tarehe 30 Julai 1888 ikatolewa amri kuhusu mikataba na wajibu wa kimkataba, ambayo baadaye ilihesabiwa kuwa sehemu ya Kitabu cha Tatu cha Sheria za Kiraia. Kituo cha Wabelgiji kilichozaa Bukavu kilikuja kuanzishwa miaka kadhaa baadaye, na mwaka 1927 mji ukapewa jina la Costermansville, jina lililodumu hadi miaka ya 1950.

Katika suala la mauzo, amri ya 1888 ilifuata sheria ya kiraia ya Ubelgiji, ambayo nayo ilitokana na ile ya Ufaransa ya mwaka 1804. Msingi wake ni kutofautisha kasoro za aina mbili. Kasoro iliyo wazi, yaani ile ambayo mnunuzi angeweza kuiona kwa macho yake mwenyewe, haimfungi muuzaji. Kasoro iliyojificha, ambayo inaifanya bidhaa isifae kwa kazi iliyokusudiwa, au inapunguza manufaa yake kiasi kwamba mnunuzi asingeinunua ama angetoa bei ndogo zaidi, inamfunga muuzaji hata kama hakuijua. Mnunuzi hupewa hiari: airudishe bidhaa na kurudishiwa fedha, au abaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza hulipa pia fidia ya hasara.

Kanuni hizo, ingawa zinasemwa kwa lugha ya dhamana ya muuzaji, zimebeba wajibu wa mnunuzi ndani yake. Wajibu wa kwanza ni kukagua, kwa kuwa asiyetazama hawezi baadaye kulalamikia kilichokuwa wazi. Wa pili ni kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwamo tangu wakati wa mauzo, haikuzaliwa nyumbani mwake. Wa tatu ni kuitunza bidhaa: ikiangamia kwa sababu ya ubovu wake, hasara ni ya muuzaji, lakini ikiangamia kwa ajali, hasara inamwangukia mnunuzi. Wa nne, ambao ni mzito kuliko yote, ni kufungua mashtaka ndani ya muda mfupi, kulingana na aina ya kasoro na desturi ya mahali mauzo yalipofanyika.

Maneno hayo ya mwisho, “desturi ya mahali”, yanastahili kuzingatiwa. Sheria haikutaja siku wala wiki. Ilimwachia hakimu autazame mji husika: wauza vitambaa na wauza samaki wa ziwa wanahesabu vipi muda wa kurudisha? Kwa hiyo soko lenyewe lilipewa nafasi ndani ya sheria. Hata hivyo, desturi isiyoandikwa wala kufafanuliwa ni vigumu kuithibitisha mbele ya hakimu, na anayeshindwa kuithibitisha hubaki na tafsiri ya mwingine kuhusu “muda mfupi”.

3. Sheria mbili, mji mmoja

Katika enzi ya ukoloni, si kila mkazi wa Costermansville aliyeguswa na amri ya 1888. Sheria iliyoandikwa iliwahusu kwanza Wazungu na wale waliohesabiwa pamoja nao. Mauzo baina ya Wakongo wawili yalihukumiwa kwa mila, na amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ikazipanga mahakama za wenyeji kwa ajili hiyo. Hivyo wanunuzi wawili waliouziwa bidhaa mbovu siku moja waliweza kwenda mbele ya mahakama mbili, kwa lugha mbili na kanuni mbili.

Baada ya uhuru, mageuzi ya mwaka 1968 yalianzisha mahakama za amani, zilizokusudiwa kuchukua nafasi ya mahakama za mila. Sheria ya kiraia ikawa ya raia wote. Lakini kubadilisha mahakama hakukubadilisha lugha ya sheria. Mkazi wa Kadutu au Bagira, anayenunua, kubishana na kudai kwa Kiswahili au Mashi, akawa chini ya amri iliyoandikwa kwa Kifaransa miaka themanini kabla.

4. Ushahidi wa maneno

Kiswahili chenyewe, hata hivyo, hakikuwa kigeni kwa suala hili. Neno “bei” linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uuzaji. “Aibu” hutokana na neno ambalo katika fikihi hutaja kasoro ya bidhaa. Waswahili walilisogeza hadi kwenye fedheha ya mtu, na kasoro ya kitu ikaachiwa maneno kama “ila” na “dosari”. “Hiari” nayo ni ya mzizi mmoja na istilahi ya fikihi inayotaja haki ya mnunuzi ya kuthibitisha au kuvunja mauzo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mnunuzi aliyegundua kasoro hutakiwa kurudisha bila kukawia. Akiendelea kuitumia bidhaa baada ya kujua, huhesabiwa kuwa ameridhia.

Wazo hilohilo linaonekana katika nchi jirani zilizotawaliwa na Waingereza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 kuhusu uuzaji wa bidhaa ndiyo iliyofuatwa katika sheria za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa mujibu wake, mnunuzi anayekaa na bidhaa kupita muda wa kiasi bila kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa, huhesabiwa ameikubali. Tangu hapo hawezi kuirudisha; linalobaki mikononi mwake ni kudai fidia, huku bei akiendelea kudaiwa. Mapokeo matatu yenye asili tofauti yanakutana basi katika jambo moja: kimya cha mnunuzi kina matokeo ya kisheria.

5. Mabadiliko ya karne ya ishirini na moja

Tarehe 12 Septemba 2012, mkataba wa OHADA wa kuoanisha sheria za biashara barani Afrika ulianza kutumika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pamoja nao ilikuja Sheria ya Pamoja ya Biashara ya Jumla, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010. Katika mauzo ya bidhaa baina ya wafanyabiashara, “muda mfupi” wa mwaka 1888 ukapata hesabu. Kasoro iliyo wazi siku ya kupokea lazima muuzaji ajulishwe ndani ya mwezi mmoja. Kasoro iliyojificha lazima aarifiwe ndani ya mwaka mmoja tangu ilipogunduliwa au ilipopasa kugunduliwa. Anayepitisha muda huo hupoteza haki ya kuitaja kasoro hiyo.

Kwa mji wa mpakani kama Bukavu, mkataba mwingine unahusika pia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa ya kimataifa ulianza kutumika Kongo tarehe 1 Julai 2015. Uganda ilikuwa imefungwa nao tangu mwaka 1993. Mkataba huo unamtaka mnunuzi akague bidhaa mapema iwezekanavyo, aeleze kasoro ndani ya muda wa kiasi, na asipitishe kwa vyovyote miaka miwili tangu kukabidhiwa bidhaa, isipokuwa dhamana waliyokubaliana ina muda mwingine. Anayekusudia kuikataa bidhaa aliyokwisha kuipokea hana ruhusa ya kuitelekeza: ni lazima aihifadhi, na anaweza kuishikilia mpaka muuzaji amrudishie gharama za kuihifadhi.

Kutokana na hayo, mfuko mmoja wa simenti unaweza kupita katika sheria tatu. Ukinunuliwa kutoka Uganda na mfanyabiashara wa Bukavu, mkataba wa kimataifa unahusika. Ukiuzwa na huyo kwa mwenye duka wa Kadutu, OHADA inahusika. Ukifika kwa baba anayejenga nyumba yake, amri ya 1888 inarejea, pamoja na “muda mfupi” na “desturi ya mahali”. Mnunuzi wa mwisho, aliye mnyonge kuliko wote, ndiye aliyeachiwa kanuni isiyo na tarakimu.

6. Hitimisho

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na kifungu chake cha 142 kinaitaka Serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo ndani ya siku sitini tangu kutiwa saini. Agizo hilo linaonyesha kwamba lugha ya sheria ni sehemu ya haki yenyewe. Wajibu wa kukagua, kuarifu, kutunza na kutochelewa si mgumu kueleweka, na Kiswahili kina maneno ya kuueleza. Kazi iliyopo kwa wanaisimu na wanasheria ni kuwakabidhi wanunuzi maneno hayo, na kukusanya kwa maandishi desturi za masoko ya Bukavu, ili siku hakimu atakapouliza desturi ya mahali ni ipi, mwenye mfuko wa simenti iliyoganda awe na jibu.