Kubadili injini: kwa nini klachi mpya huungua mapema

Wenye Hiace na Hilux za biashara katika wilaya za Ngara na Biharamulo mara nyingi huona ni nafuu kununua injini ya mtumba kuliko kuifungua na kuitengeneza ile iliyochoka. Injini inafungwa, inawaka vizuri, fundi analipwa. Wiki chache baadaye gari lina abiria na mizigo, linapandisha mlima, injini inalia lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Lawama zote huenda kwa spea feki. Spea feki zipo kweli, lakini chanzo kinaweza pia kuwa namna klachi ilivyounganishwa siku ile injini ilipobadilishwa.

Flaiwili imefungwa nyuma ya injini na inazunguka nayo. Juu yake inafungwa presha pleti, na katikati ya hizo mbili hukaa pleti ya klachi, ambayo kwa meno yake imevaa shafti ya gia boksi. Ukiachia pedali, pleti inabanwa na nguvu ya injini inapita kwenda magurudumuni. Ukikanyaga, rilizi beringi inasukuma vidole vya presha pleti na pleti inaachiwa. Kwa hiyo klachi ina wakubwa wawili: upande mmoja inafuata injini, upande mwingine inafuata gia boksi. Ukibadili injini peke yake, lazima uhakikishe bado vinaelewana.

Tuchukue injini za dizeli za Toyota, 2L, 3L na 5L. Ni za ukoo mmoja, zenye ukubwa wa karibu lita 2.4, 2.8 na 3.0. Anayetoa 2L na kuweka 5L anapata nguvu zaidi, na pleti ndogo ya zamani inaweza kuzidiwa. Pleti ilingane kwa upana na flaiwili pamoja na presha pleti, na meno yake yalingane na shafti. Usikadirie kwa macho. Ivishe pleti kwenye shafti kabla injini haijapandishwa. Iteleze kwa urahisi bila kuchezacheza.

Mtego mkubwa zaidi ni injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki. Hiyo haina flaiwili nzito, ina bati jembamba lenye meno ya stata. Ukiweka flaiwili, tumia bolti za flaiwili, kwa sababu zile za bati zinaweza kuwa fupi. Angalia pia ile beringi ndogo inayokaa kwenye tundu la mwisho wa krankishafti na kushika ncha ya shafti ya gia boksi. Injini za otomatiki mara nyingi hazina. Ikikosekana, shafti inayumba, gia zinaingia kwa shida na pleti inaliwa upande.

Kabla ya kufunga, badilisha sili ya nyuma ya krankishafti. Ni bei ndogo ukilinganisha na kushusha gia boksi tena, na oili kidogo tu ikifika kwenye pleti, klachi itateleza. Flaiwili yenye mikwaruzo au madoa ya buluu ya moto ipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma. Vumbi la klachi ya zamani usilipulize kwa kompresa, futa kwa kitambaa kibichi, maana pleti za zamani huweza kuwa na asbesto inayodhuru mapafu.

Upande wa pleti wenye springi zilizotokeza kwa kawaida huangalia gia boksi. Ukigeuzwa, springi hugusa flaiwili na klachi haiachii. Pleti iwekwe katikati kwa shafti ya zamani, kisha bolti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo. Toyota nyingi za aina hii zinataka nguvu ya karibu Nm 19 tu, si kukaza kwa bomba refu. Grisi kwenye meno ipakwe kiasi cha kung'aa tu. Gia boksi isining'inizwe kwenye pleti wakati wa kuiingiza, wala isivutwe kwa bolti. Hapo ndipo pleti mpya hupinda.

Usilipe kabla ya kujaribu. Gari likiwa tambarare, bila mtu mbele, vuta hendibreki, ingiza gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo na uachie klachi taratibu. Injini ikizima, klachi imeshika. Ikiendelea kuunguruma, inateleza. Usirudie mara nyingi, utaiunguza.

Kwenye njia ya Lusahunga, Benaco hadi Rusumo jambo hili si la kupanda tu. Unaposhuka kwa gia ndogo, klachi ndiyo inayoiwezesha injini kulishikilia gari. Ikiteleza, mzigo wote unabaki kwa breki, na breki zikipata moto sana hupoteza nguvu.

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Tunza risiti ya injini uliyonunua na upeleke taarifa TRA ili kadi irekebishwe.